Dawa ya Homa ya Ini B Ikikatika

Mwezi Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa matibabu ya homa ya ini aina ya B, na mlango wa dawa ukafunguliwa kwa upana ambao haujawahi kuonekana. Awali wagonjwa wengi waliambiwa wasubiri hadi ini lioneshe dalili za wazi za kuharibika. Sasa mtu mzima, au kijana wa miaka 12 na zaidi, anaweza kuanzishiwa dawa kwa hesabu ndogo inayokadiria makovu ya ini kutokana na vipimo vya kawaida vya damu, au kwa kuwa na virusi zaidi ya yuniti 2,000 katika mililita moja huku kimeng'enya cha ALT, ambacho huvuja kwenye damu ini likiumia, kikiwa kimepanda, au kwa kuwa na VVU, au kisukari, au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini. Tangu hapo nimesikia pingamizi moja likirudiwa hapa Nairobi na madaktari, na wagonjwa, na hata na watu wanaopanga bajeti za dawa: kwamba tukiwagawia watu wengi vidonge hivi, virusi vitavizoea, na baada ya miaka kumi tutabaki mikono mitupu. Ninaamini kwamba hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipo pake. Kwa dawa tunazotumia leo, ni nadra sana virusi vya homa ya ini B kuzoea dawa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba dawa inakatika na ugonjwa unaamka, na kwa kuwa tumezoea kuita kuamka huko usugu, tunalitibu tatizo visivyo na tunaacha kulizuia pale linapozuilika.

Sehemu ya tatizo imo katika lugha yenyewe. Kiswahili kina neno moja, sugu, ambalo tumelibebesha mizigo miwili. Daktari akisema "homa ya ini sugu" anamaanisha maambukizi yaliyokaa mwilini zaidi ya miezi sita bila kuondoka. Gazeti likiandika "usugu wa dawa" linamaanisha kirusi kilichobadilika hata dawa haikiwezi tena. Mgonjwa anayesikia maneno haya mawili katika wiki moja hana sababu ya kudhani kwamba ni mambo tofauti. Nimezungumza na watu waliotoka kliniki wakiamini wameambiwa kwamba dawa haitawafaa, ilhali walichoambiwa ni kwamba ugonjwa wao ni wa muda mrefu. Kwa hiyo katika makala haya nitasema "ugonjwa wa kudumu" ninapozungumzia maambukizi yasiyoondoka. Nitasema "usugu", au virusi kuzoea dawa, pale tu kirusi chenyewe kilipobadilika. Na nitasema "kuamka" pale ugonjwa uliolazwa na dawa unaporejea baada ya dawa kuachwa.

Sababu ya ugonjwa kuamka imo ndani ya seli ya ini. Kirusi hiki kikiingia hupeleka jeni yake hadi kwenye kiini cha seli, na humo jeni hiyo hujifunga kuwa duara dogo, imara, ambalo wanasayansi huliita cccDNA. Duara hilo ndilo kalibu. Kutokana nalo seli huchapa nakala, na nakala hizo hugeuzwa kuwa virusi vipya kwa msaada wa kimeng'enya cha polimerasi. Dawa zote za kumeza tulizo nazo hufanya kazi katika hatua hiyo ya mwisho: polimerasi inazibwa, virusi vipya havitengenezwi, damu inasafika na ini linapata nafuu. Kalibu yenyewe inabaki ilipo. Vilevile antijeni ya uso wa kirusi, ile HBsAg inayopimwa kwa tone la damu, huchapwa moja kwa moja kutoka kwenye kalibu bila kuipitia polimerasi, na ndiyo maana mtu anaweza kumeza dawa miaka mitano, virusi visionekane kabisa katika damu yake, na kipimo cha HBsAg kikaendelea kusema kwamba maambukizi yapo. Miongoni mwa wanaotumia dawa hizi, ni takriban mmoja katika kila mia kwa mwaka anayepoteza antijeni hiyo. Waliobaki wanaishi na ugonjwa uliolala.

Hofu ya usugu, hata hivyo, haikuzuka hewani, na wanaoishikilia wana historia upande wao. Lamivudini, dawa ya kwanza ya kumeza kwa ugonjwa huu, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998. Virusi vilishuka kwa kasi na kila mtu akafurahi. Lakini kirusi hiki hujinakili kwa mabilioni kila siku, na polimerasi yake haina uwezo wa kusahihisha makosa yake ya kunakili, hivyo kila siku huzaliwa virusi vyenye hitilafu ndogondogo. Badiliko moja katika nafasi ya 204 ya kimeng'enya hicho lilitosha kuifanya lamivudini isishike. Baada ya mwaka mmoja karibu mgonjwa mmoja katika kila watano alikuwa na virusi vilivyoizoea. Baada ya miaka mitano walikuwa karibu saba katika kila kumi. Adefoviri iliyofuata mwaka 2002 ilistahimili zaidi, lakini nayo haikuvuka miaka mitano bila virusi vya wagonjwa wengi kuizoea. Kwa muongo mzima, basi, daktari aliyeona virusi vinapanda tena alikuwa na haki ya kuwaza usugu kabla ya jambo jingine lolote.

Mkenya ana pia kumbukumbu yake mwenyewe inayoipa hofu hiyo nguvu. Sisi tuliokua tukimeza klorokwini, uchungu wake ukiganda kooni, tuliiona ikiondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 kwa sababu vimelea viliizoea. SP (wengi waliijua kama Fansidar) iliyochukua nafasi yake ikapata mkasa uleule, na mwaka 2006 hospitali za umma zikaanza kutoa dawa mseto ya AL. Mtu aliyeshuhudia dawa tatu za ugonjwa mmoja katika nusu ya maisha yake ataona ni jambo la kawaida kuamini kwamba kila dawa ina siku zake. Kwa malaria fikra hiyo ni sahihi. Kosa ni kuihamishia kwenye kirusi cha ini bila kuuliza kama dawa ya leo ni ya aina ile ya jana.

Dawa ya leo si ya aina ile. Entekaviri iliidhinishwa mwaka 2005, na tenofoviri, ambayo ilikuwa tayari dawa ya VVU tangu 2001, ikaidhinishwa kwa homa ya ini B mwaka 2008. Ili kuizoea entekaviri, kirusi kinahitaji mabadiliko yasiyopungua matatu kwa pamoja. Kwa wagonjwa ambao hawajawahi kutumia lamivudini, usugu baada ya miaka mitano ulionekana kwa takriban asilimia 1.2 tu. Tenofoviri imestahimili zaidi ya hapo. Wagonjwa wa majaribio yake makuu walifuatiliwa miaka minane bila kupatikana usugu uliothibitishwa. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walieleza wagonjwa wachache ambao virusi vyao vilikuwa na mabadiliko manne kwa mpigo yaliyopunguza nguvu ya tenofoviri, na habari hiyo ilizua taharuki kubwa kuliko ukubwa wake: ilikuwa habari kwa sababu ya uchache wake. Kuna pia kizuizi ndani ya kirusi chenyewe. Jeni yake ni fupi mno kiasi kwamba maelekezo ya polimerasi yamepandana na maelekezo ya koti la nje, na badiliko linalosaidia kukwepa dawa linaweza wakati huohuo kulivuruga koti. Jambo linalonigusa zaidi katika majaribio hayo ni dogo. Walikuwapo wagonjwa ambao virusi vyao vilipanda tena wangali kwenye tenofoviri, na walipochunguzwa, wengi wao walikuwa wameruka dozi.

Jamaa yangu mmoja anayeishi Kayole aliyapitia haya. Baada ya miaka mitatu ya tenofoviri alipokea karatasi ya maabara yenye mistari miwili. Mstari wa juu ulisema HBsAg ipo. Mstari wa chini ulisema virusi havikuonekana katika damu. Aliyempa majibu dirishani alimsomea wa chini tu, akampongeza. Na yeye, ambaye kila mwezi alikuwa akiukata mshahara mmoja kwa kodi ya nyumba, karo na chupa ya dawa, akaelewa kwamba amepona. Katika mwezi wa tano bila dawa alianza kuchoka kabla ya saa nne asubuhi, chakula kikamchukiza, mkojo ukawa wa rangi ya turungi. Mkewe ndiye aliyeona kwamba macho yake yamegeuka manjano. Katika hospitali aliyokimbilia aliambiwa kwamba virusi vimeizoea tenofoviri, akaandikiwa dawa nyingine ya bei kubwa zaidi. Hakuna aliyemuuliza mara ya mwisho kumeza kidonge ilikuwa lini.

Yaliyompata ndiyo yanayotarajiwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha dawa hizi, takriban nusu tu ya wagonjwa walikuwa bado na virusi vilivyotulia, na baada ya miaka mitatu hawakufika wanne katika kila kumi. Aliyekuwa akimeza tenofoviri huamkiwa na ugonjwa mapema, mara nyingi ndani ya miezi sita. Aliyekuwa kwenye entekaviri huweza kukaa zaidi kabla ya kuona chochote, na ukimya huo humdanganya. Wengi hupanda na kushuka bila madhara makubwa. Lakini kwa wengine kinga ya mwili, ikiviona virusi vimejaa ghafla, hulishambulia ini kwa nguvu, na kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, shambulio hilo linaweza kulifanya lishindwe kazi kabisa ndani ya wiki chache. Na hapa ndipo tofauti ya usugu na kuamka inapokuwa ya uhai na mauti. Virusi vilivyoamka kwa kukosa dawa kwa kawaida havijabadilika: ni watoto wa kalibu ileile, na dawa ileile ikirudishwa mapema huvilaza tena. Mgonjwa anayeambiwa kwamba tenofoviri imeshindwa ananyang'anywa dawa nafuu inayomfaa, kisha anatwishwa gharama ambayo ndiyo itakayomfanya aache kwa mara ya pili.

Kwa nini dawa inakatika? Fedha ni jibu la kwanza, lakini Nairobi lipo jibu la pili ambalo vikao vya wataalamu hulipita haraka. Tenofoviri inajulikana mitaani kama dawa ya VVU. Chupa yake ni ileile nyeupe ya plastiki yenye vidonge thelathini, ileile inayotolewa katika kliniki za VVU, na katika chumba kimoja cha kupanga ambamo watu watano hulala, hakuna pa kuificha. Watu hubandua karatasi ya jina. Huvimimina vidonge kwenye chupa ya vitamini, hutupa kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevunyevu, kisha husokomeza kitambaa ndani ili vidonge visilie ndani ya mkoba. Mwanamke aliyeolewa karibuni huacha kumeza wiki ambayo mama mkwe amekuja kutoka mashambani. Mwanafunzi wa bweni huacha muhula mzima. Hawa si watu waliokosa elimu ya afya. Wamepima hatari mbili, wakaona ya kuitwa jina fulani mtaani iko karibu zaidi kuliko ya ini. Tukiwalaumu kwa uzembe tutakuwa hatujawaelewa, na mhudumu anayewapa dawa bila kuwauliza wataiweka wapi nyumbani amefanya nusu ya kazi.

Jibu la tatu ni ugavi. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kliniki za VVU hapa nchini, ambazo kwa miaka mingi zilitegemea fedha hizo, zikatikisika: wahudumu waliolipwa nazo wakarudishwa nyumbani, na mjadala wa kuziunganisha huduma hizo na kliniki za kawaida ukageuka kuwa jambo la lazima. Mengi yameandikwa, na kwa haki, kuhusu watu wanaoishi na VVU. Kimya kimekuwa kwa mwenye homa ya ini B, ambaye kwa miaka mingi dawa yake imekuwa ikifuata njia iliyochongwa kwa ajili ya ugonjwa wa mwingine. Mwenye VVU akikosa dawa, yumo kwenye rejista na kuna mtu wa kumpigia simu. Mwenye homa ya ini peke yake akikosa kuja, kwa kawaida hakuna anayegundua.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo inastahili heshima. Baadhi ya wataalamu wa ini barani Ulaya na Asia wanasema kwamba kidonge cha maisha yote si lazima kwa kila mtu, na kwamba kuacha dawa kwa mpango kunaweza kumnufaisha mgonjwa aliyechaguliwa vizuri. Nchini Taiwan bima ya taifa kwa miaka mingi iliwalipia wagonjwa wengi wasio na sirosisi miaka mitatu tu ya dawa, na kwa kuwafuatilia walioachishwa, madaktari wa huko wamejifunza mengi: ugonjwa uliamka kwa wengi, lakini kwa sehemu ndogo yao, kinga ya mwili iliyoamshwa na kurudi kwa virusi ilifanikiwa baadaye kuiondoa hata HBsAg, jambo ambalo lingewachukua waliobaki kwenye dawa miongo kadhaa. Siwezi kuibeza hoja hiyo. Ninachosema ni kwamba masharti yake ndiyo dawa yenyewe. Mgonjwa awe hana sirosisi, awe amekuwa na virusi visivyoonekana kwa miaka kadhaa, awe na antijeni ya HBsAg iliyoshuka sana, apimwe mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, na dawa iwe tayari kurudishwa siku hiyohiyo ALT inapopaa. Katika jiji ambalo kwa wengi kipimo cha wingi wa virusi hulipiwa mfukoni, na majibu husubiriwa siku nyingi, kumwachisha mtu dawa kwa hoja ya Taiwan bila vipimo vya Taiwan ni kumwacha gizani. Tena, wengi wa wagonjwa wetu wana virusi vya homa ya ini B vya kundi la kijeni A, tofauti na makundi B na C yaliyoenea huko, na hatupaswi kudhani kwamba watafanana.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi, inasema kwamba dawa inayolaza virusi bila kuviua haina maana, kwa hiyo afadhali mtu asianze, au atafute mitishamba inayoahidi kumaliza kazi kwa siku tisini. Hoja hii inapingwa na ini lenyewe. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 348 waliokatwa kipande kidogo cha ini kabla ya kuanza tenofoviri na tena baada ya miaka mitano: asilimia 87 walikuwa na ini lenye hali bora zaidi, na kati ya 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena. Makovu ambayo vitabu vya zamani vilisema hayafutiki yalikuwa yamefutika, ilhali kalibu ya kirusi ilikuwa bado imo kwenye seli. Hakuna anayemwambia mwenye shinikizo la damu kwamba kidonge chake hakina maana kwa kuwa akikiacha shinikizo hupanda. Ama mitishamba, mingine huliumiza ini lilelile linalodaiwa kutibiwa, na mgonjwa akipata manjano hakuna ajuaye kama ni virusi vilivyoamka au ni mizizi aliyoinywa.

Wapo pia wanaosema kwamba tutawajaza watu dawa kupita kiasi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 zinaonesha watu milioni 254 wanaoishi na ugonjwa huu duniani, karibu milioni 65 kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika, na katika kanda hiyo waliokuwa kwenye matibabu walikuwa asilimia 0.2. Ni wawili katika kila elfu.

Nisieleweke kwamba usugu haupo. Upo, na una anwani. Dawa za kwanza za VVU zilizotolewa kwa wingi nchini zilikuwa mseto wa stavudini, lamivudini na nevirapini, na kati ya hizo ni lamivudini pekee inayokigusa kirusi cha ini. Aliyekuwa na maambukizi yote mawili alitumia, bila yeye kujua wala mara nyingi daktari wake kujua, dawa moja dhaifu dhidi ya homa ya ini kwa miaka. Mtu huyo akipewa entekaviri leo, nusu ya kazi ya kuizoea imeshafanyika: kwa wagonjwa ambao lamivudini ilikuwa imewashinda, virusi vya karibu nusu yao vilikuwa vimeizoea entekaviri baada ya miaka mitano. Tenofoviri bado humfaa. Kuna na hatari ya upande wa pili iliyoripotiwa mwaka 2007, kwamba entekaviri hukigusa kidogo kirusi cha VVU na inaweza kukifundisha usugu, kwa hiyo hakuna anayepaswa kuandikiwa dawa hiyo kabla ya kupimwa VVU. Tenofoviri yenyewe inaweza kuyaumiza mafigo na mifupa ya baadhi ya watu, na kipimo cha kreatinini, kinachoonesha kazi ya figo, si cha kuruka. Haya ni mambo mahususi yanayotaka historia ya mgonjwa iulizwe kwa makini. Hayatoi sababu ya kuwanyima dawa wasio na historia hiyo.

Tukikubali kwamba adui mkubwa ni kukatika kwa dawa, mambo kadhaa hubadilika. Kaunti inayopanga kupanua matibabu haina haja ya kusubiri maabara ya kusoma mabadiliko ya jeni. Inahitaji rejista ya wenye homa ya ini B kwa jina la ugonjwa wao, oda ya tenofoviri iliyo kwenye bajeti yao wenyewe, na dawa ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kama walivyokwisha kupewa wenye VVU waliotulia. Mashine nyingi zinazopima wingi wa virusi vya VVU zinaweza kupima na vya homa ya ini zikipewa vitendanishi vyake, kwa hiyo kuunganisha kliniki, ambako wengi wanakuona kama hasara tupu, kunaweza kumfaa mgonjwa huyu kama atahesabiwa tangu mwanzo. Mama mjamzito aliyepewa tenofoviri ili asimwambukize mtoto, akiiacha baada ya kujifungua, apangiwe kupimwa ALT katika miezi inayofuata. Kurudi kwake kliniki kwa ajili ya chanjo ya pentavalenti ya mtoto katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni nafasi tatu tayari mkononi, ambazo leo hutumika kwa mtoto peke yake.

Jambo la haraka zaidi ni sindano. Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano za kabotegraviri na rilpivirini kama njia mbadala kwa watu wenye VVU waliotulia, na lilipoweka masharti lilisema wazi: kwa wasio na homa ya ini B. Sababu ni kwamba sindano hizo hazina nguvu yoyote dhidi ya kirusi cha ini. Mwezi huohuo lilipendekeza lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka ya kujikinga na VVU, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizochaguliwa kuipokea mapema. Nayo haikigusi kirusi cha ini. Vidonge vya kinga ambavyo vimekuwa vikitolewa nchini tangu 2017 vina tenofoviri ndani yake, na kijana anayevimeza kila siku anaweza kuwa ametibiwa homa ya ini kwa miaka bila mtu yeyote kujua kwamba anayo. Siku anapohamia kwenye sindano, kwa furaha na kwa sababu nzuri, ndiyo siku dawa yake ya ini inapokatika. Miezi michache baadaye atakuja na macho ya manjano, na kama hatukumpima HBsAg kabla ya sindano ya kwanza, tutasema kwamba sindano imeliharibu ini lake, habari itaenea, na wengine wataiogopa kinga ambayo wanaihitaji.

Jamaa yangu wa Kayole hakuweza kuinunua dawa ile ya bei kubwa, na kukosa huko ndiko kulikompeleka kwa daktari wa pili. Huyu alimwomba chupa ya mwisho ya tenofoviri. Aliisoma tarehe iliyoandikwa kwa kalamu pembeni, akahesabu vidonge vilivyobaki juu ya meza, kumi na moja, akamuuliza ni lini alimeza cha kumi na tisa. Kisha akamwandikia tenofoviri ileile, na kipimo cha ALT kila wiki kwa mwezi mmoja.